Mhadhiri wetu aliwahi kushtakiwa kwa udanganyifu wa kampuni: chuo kilimwajirije, na mimi nifanye nini?

Swali la msomaji: Nasoma shahada ya uzamili ya biashara katika chuo kikuu kimoja Marekani. Muhula huu somo la uchambuzi wa taarifa za fedha linafundishwa na mtu aliyekuwa mkurugenzi wa fedha wa kampuni kubwa. Mwenzangu alimtafuta mtandaoni akakuta kwamba miaka kumi hivi iliyopita SEC ilimshtaki kwa kupotosha hesabu. Wasifu wake kwenye ukurasa wa chuo hautaji lolote. Chuo kiliwezaje kumwajiri? Na mimi nihame somo, nilalamike au ninyamaze?

Jibu:

Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Kushtakiwa na SEC si kushtakiwa kwa jinai. SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani, haina uwezo wa kumpeleka mtu jela. Kesi zake ni za madai: inaomba mtu atozwe faini, anyang'anywe faida aliyoipata isivyo halali, azuiwe kuwa mkurugenzi au ofisa wa kampuni iliyoorodheshwa sokoni. Kesi ya jinai hufunguliwa na Wizara ya Sheria, kwa jalada jingine na namba nyingine. Alichokiona mwenzako ni jalada moja. Hujajua bado kama la pili lipo, wala hilo la kwanza liliishaje.

Majalada hayo mawili yanaweza kutoa majibu yanayopingana juu ya mtu yuleyule. Richard Scrushy, aliyekuwa mtendaji mkuu wa HealthSouth, kampuni ya Marekani ya huduma za afya, aliachiwa huru Juni 2005 katika mashtaka yote 36 ya udanganyifu wa hesabu. Miaka minne baadaye, Juni 2009, jaji wa kesi ya madai iliyofunguliwa na wanahisa akaamuru alipe takriban dola bilioni 2.88 kwa udanganyifu huohuo. Mike Lynch wa Autonomy, kampuni ya programu ya Uingereza iliyonunuliwa na Hewlett-Packard mwaka 2011, alishindwa kesi ya madai London mwaka 2022, kisha Juni 2024 mahakama ya San Francisco ikamwondolea hatia ya jinai. Hakuna mkanganyiko hapo. Kwenye jinai kosa linathibitishwa pasipo kuacha shaka ya msingi, kwenye madai inatosha mizani ilalie upande mmoja. Aliyeachiwa kwenye jinai hajathibitishwa kuwa mkweli, na aliyeshindwa kwenye madai si mfungwa. Ukimwita mwalimu wako "mhalifu" bila kujua yuko upande gani, umeshakosea.

Kuna na mwisho wa tatu, ambao kwa mkurugenzi wa fedha ndio wa kawaida zaidi: suluhu. Mshtakiwa analipa na kukubali vizuizi "bila kukiri wala kukana" madai. Watu wengi hawajui kwamba suluhu zilizosainiwa wakati ule zilikuwa na sharti lake, lililotokana na kanuni ya mwaka 1972: aliyesaini hakutakiwa kusimama hadharani akasema madai yale hayakuwa na msingi. Hili linagusa darasa lako moja kwa moja. Mwalimu anayekwepa kuzungumzia kesi yake huenda hafichi kitu. Huenda amefungwa mdomo na saini yake mwenyewe. Mwingine akisimama mbele yenu kusema "nilisingiziwa yote", ama kesi yake iliishia kwingine, ama anavunja alichokisaini.

Sasa tafuta nyaraka. Usitegemee habari za magazeti, kwa sababu gazeti huandika siku ya kushtakiwa na husahau siku ya kumalizika. Ingia kwenye tovuti ya SEC, ambako tangu 2018 kuna ukurasa maalumu wa kutafuta hatua zilizochukuliwa dhidi ya mtu mmoja mmoja. Andika jina lake lote, pamoja na jina la kati. Utakachotaka ni hati ya madai yenyewe na tangazo la mwisho wa kesi. Hati ya madai huwa na aya inayomtambulisha mshtakiwa: umri, mji anaoishi, vyeo alivyoshika na miaka yake. Linganisha hayo na wasifu wa mwalimu wako kabla ya kusoma chochote kingine. Majina hufanana, na kumpachika mtu kesi ya mwenzake ni dhuluma isiyofutika kwa kuomba radhi.

Ukishahakikisha ni yeye, ruka hadi sehemu ya mwisho, panapoorodheshwa vifungu. Hapa ndipo mtaalamu husoma kwanza, na wewe fanya hivyo. Ukikuta kifungu cha 10(b) cha sheria ya masoko ya hisa ya 1934 pamoja na kanuni ya 10b-5, au 17(a)(1) ya sheria ya utoaji wa hisa ya 1933, anadaiwa kudanganya kwa kujua, au kwa kupuuza ukweli kwa kiwango kinacholingana na kujua. Ukikuta 17(a)(2) au (3) peke yake, uzembe tu unatosha. Huyo huenda alishindwa kuuliza maswali aliyopaswa kuuliza. Kanuni ya 13b2-1 ni ya kughushi vitabu vya hesabu, na 13b2-2 ni ya kuwadanganya wakaguzi. Hiyo ya mwisho kwangu ina uzito wa pekee kwa mtu anayefundisha somo lako, kwa sababu kusoma taarifa za fedha kunaanza na kuamini kwamba mkaguzi aliambiwa ukweli. Halafu kuna kifungu cha 304 cha sheria ya Sarbanes-Oxley ya 2002, ambacho kinamlazimu mtendaji mkuu na mkurugenzi wa fedha kurudisha bonasi pale hesabu za kampuni zinaporekebishwa kutokana na makosa ya wengine, hata kama wao wenyewe hawakufanya lolote baya. Nimeona watu wakihukumiwa mitandaoni kama wezi kwa kifungu hicho tu.

Kwa upande wa jinai, tafuta kwenye PACER, mfumo wa majalada ya mahakama za shirikisho. Kurasa zinatozwa senti 10 kila moja, hati moja haizidi dola 3, na ukitumia dola 30 au chini ya hapo kwa robo mwaka hudaiwi kitu. Ikiwa mwalimu wako ni mhasibu mwenye leseni, angalia pia bodi ya uhasibu ya jimbo lake, kwani leseni iliyofutwa au kusimamishwa huonekana hapo. SEC nayo ina kanuni ya 102(e), ambayo kwayo humzuia mhasibu kufanya kazi mbele ya tume, mara nyingi akiruhusiwa kuomba kurejeshwa baada ya miaka kadhaa. Ukikuta amerejeshwa, hiyo nayo ni habari, na haki inataka uihesabu.

Chuo kiliwezaje kumwajiri? Jibu fupi ni kwamba hakuna kilichomzuia. Zuio la SEC linahusu uongozi wa kampuni zilizoorodheshwa, na kufundisha chuo kikuu hakuhitaji leseni. Lakini jibu refu ndilo lenye faida, kwa sababu linaonyesha tundu lilipo.

Vyuo vya biashara vinawahitaji watu wa aina yake. AACSB, chombo cha ithibati kinachoheshimiwa kuliko vingine katika fani hii, kinataka walau asilimia 40 ya nguvu ya ufundishaji iwe ya wanataaluma watafiti, na walau asilimia 90 iwe ya wenye sifa katika makundi manne yanayotambuliwa. Moja la makundi hayo ni la watendaji wanaofundisha kwa uzoefu wao: shahada ya uzamili na miaka mingi kwenye nafasi nzito vinatosha, uzamivu si lazima. Aliyekuwa mkurugenzi wa fedha wa kampuni kubwa anaingia humo bila jasho. Tena mara nyingi huajiriwa kama mwalimu wa muda, wiki chache kabla ya muhula, na mkuu wa idara anayetafuta mtu wa kuziba pengo.

Uchunguzi wa historia yake nao ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Kampuni inayofanya kazi hiyo kwa kawaida hupekua rekodi za jinai, na ikipewa kifurushi cha bei ya chini hupekua za kaunti peke yake. Udanganyifu wa hisa ni kosa la shirikisho, hivyo haumo humo. Kesi ya SEC haimo kabisa, kwa sababu si jinai. Juu ya hapo, sheria ya shirikisho ya ripoti za namna hii inakataza kutaja kesi za madai na kukamatwa kwa zaidi ya miaka saba, isipokuwa pale mshahara wa kazi unapotarajiwa kufikia dola 75,000 au zaidi kwa mwaka. Hukumu za hatia hazina ukomo huo. Mwalimu wa muda anayefundisha somo moja hafikii mshahara huo hata kwa mbali. Kwa hiyo kesi ya madai ya miaka kumi iliyopita haitatokea kwenye ripoti ya chuo, na hakuna aliyevunja sheria. Mwenzako aliyeandika jina kwenye mtandao alifanya uchunguzi mpana kuliko ule uliolipiwa.

Na tuseme chuo kingejua. Kingeweza bado kumwajiri, na pengine kingekuwa sahihi. Mwongozo wa mwaka 2012 wa tume ya Marekani ya usawa katika ajira unasema kukamatwa si ushahidi wa kosa, na kwamba mwajiri anayetazama hukumu apime mambo matatu: uzito wa kosa, muda uliopita, na uhusiano wake na kazi yenyewe. Hilo la tatu ndilo gumu hapa. Kosa la hesabu na somo la hesabu ni mtu na kivuli chake. Wengine huona hiyo ni sababu ya kumkataa. Wengine huona ndiyo sababu ya kumtaka.

Mimi niko kati, na nitaeleza kwa nini. Kuna maarifa ambayo vitabu haviwezi kukupa. HealthSouth ilivimbisha faida zake kwa takriban dola bilioni 2.7, na wakurugenzi wake wa fedha wote watano waliowahi kushika kiti hicho walikiri makosa. Waliingiza maelfu ya miamala midogo, kila mmoja chini ya dola 5,000, kwa kuwa walijua wakaguzi hawatazami chini ya kiasi hicho. Mwanafunzi akisikia hilo kutoka kwa aliyekuwamo, hatasahau maisha yake yote kwamba kiwango cha mkaguzi kikijulikana na mkaguliwa hakifai tena. Aaron Beam, wa kwanza katika wale watano, alitumikia miezi mitatu gerezani na baadaye amekuwa akizungumza na wanafunzi wa vyuo kuhusu robo ile ya kwanza ambapo namba zilipungua wakaamua kuzijaza. Huyo anakuja kama shahidi, kesi yake iko mezani, na kila msikilizaji anajua anamsikiliza nani.

Hata shahidi, hata hivyo, huchagua cha kusimulia. Andrew Fastow, aliyekuwa mkurugenzi wa fedha wa Enron, kampuni ya nishati iliyofilisika kwa kashfa ya hesabu, alikiri Januari 2004 makosa mawili ya kula njama, akahukumiwa miaka sita. Siku hizi huzungumza vyuoni, na amejulikana kwa kuonyesha tuzo yake ya mkurugenzi bora wa fedha pamoja na kitambulisho chake cha gereza. Mkazo wake mkubwa ni mianya ya kanuni: mikataba ilipita kwa wanasheria, wakaguzi na bodi, ila ilipotosha. Ni somo la kweli na linafaa. Lakini ripoti ya bodi ya Enron yenyewe, iliyotolewa Februari 2002 chini ya mkuu wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Texas, ina jambo jingine: mfuko wa familia yake uliweka dola 25,000 kwenye ubia mmoja, na baada ya muda mfupi ukapata dola milioni 4.5. Huo si mwanya wa kanuni. Darasa linalosikia hotuba bila kusoma ripoti litatoka likiamini kwamba Enron iliangushwa na watu werevu waliozidi kuwa werevu. Likisoma vyote viwili litajifunza mara mbili.

Ndiyo maana jambo linalonisumbua kwenye swali lako ni ule ukurasa wa wasifu ulio kimya, zaidi ya kesi yenyewe. Chuo kinachotumia cheo chake cha zamani kuwavutia ninyi wanafunzi, kikaacha namna alivyokiacha cheo hicho, kinauza nusu ya ukweli katika somo ambalo msingi wake ni kusoma kilichoachwa nje ya taarifa.

Kuna mambo mawili ambayo yamewahi kwenda vibaya, na yote mawili ni ya kuangaliwa mapema. La kwanza ni maslahi. Michael Milken, mfanyabiashara maarufu wa hatifungani Marekani, alikiri makosa sita ya jinai mwaka 1990, akatoka gerezani mapema 1993, na mwaka huohuo akashiriki kufundisha somo la fedha katika chuo cha biashara cha UCLA, Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles. Kelele kubwa haikuwa juu ya uwepo wake tu, bali juu ya haki za kurekodi na kuuza video za somo hilo, zilizokwenda kwa kampuni yake. La pili ni imani inayogeuzwa mtaji. Barry Minkow alifungwa kwa udanganyifu wa kampuni yake ya kusafisha mazulia, ZZZZ Best, akatoka akawa mchungaji, mchunguzi wa ulaghai na mzungumzaji anayesifiwa kwa toba yake. Mwaka 2011 akahukumiwa tena kwa kuchezea bei ya hisa za kampuni ya ujenzi ya Lennar, na mwaka 2014 kwa kuliibia kanisa alilolichunga. Sisemi mwalimu wako ni Minkow. Nasema ukiona mwalimu yeyote, mwenye kesi au asiye nayo, anawaalika wanafunzi kuwekeza, kununua kozi yake ya pembeni au kufanya kazi bila malipo kwenye biashara yake, usisubiri. Ripoti siku hiyohiyo kwa mkuu wa idara, kwa maandishi.

Zaidi ya hapo, hatua zako ziende kwa mpangilio huu. Kwanza angalia tarehe ya mwisho ya kubadili masomo. Kwenye vyuo vingi ni ndani ya wiki moja au mbili za mwanzo wa muhula, na ukiipita, kuondoka kwako kutaandikwa kwenye rekodi, na ada hairudi yote. Usiruhusu tarehe hiyo ikukute ukibishana kwenye kundi la darasa. Soma hati kabla yake.

Kisha nenda kwake saa za ofisi, peke yako. Usimwulize "ulidanganya?" Swali hilo wakili wake alishamfundisha kulijibu, na kama kesi bado iko mahakamani ana haki ya kutojitia hatiani. Mwambie: nimesoma hati ya SEC kuhusu kampuni uliyoiongoza; je, tunaweza kuitumia darasani kama zoezi, pamoja na taarifa za fedha za miaka ile? Jibu lake litakuonyesha mengi. Akikubali, hata kwa sharti kwamba yeye ataeleza hesabu tu na hatagusa madai, una mwalimu wa maana. Akikataa lakini akataja sababu ya kisheria, heshimu. Akibadilika, akadokeza alama zako, andika palepale tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, weka nakala za kazi zako zote zilizosahihishwa, na upeleke kwa mkuu wa idara.

Kwa mkuu wa idara omba mambo ambayo kweli anaweza kuyafanya. Kumfukuza mtu katikati ya muhula kwa suluhu ya miaka kumi iliyopita hakuwezekani, na si haki. Anaweza kurekebisha wasifu utaje kesi na mwisho wake kwa mistari miwili. Anaweza kuweka mwalimu wa pili atakayesahihisha mtihani wa mwisho, au angalau sehemu inayohusu maadili na ukaguzi. Anaweza kuhakikisha kwamba kampuni aliyoiongoza mwalimu haifundishwi bila hati za pande zote kuwa kwenye orodha ya kusoma. Mwulize pia kama mwalimu aliwahi kukiambia chuo. Ikiwa alikiambia na chuo ndicho kilichonyamaza, lawama imehama.

Mtandaoni usiandike. Kunukuu hati ya mahakama kwa usahihi kwa kawaida kunalindwa na sheria, lakini ukiongeza neno "mwizi" juu ya suluhu isiyokiri kosa, umetoka kwenye ulinzi huo na huenda wewe ndiye utakayehitaji wakili.

Ukiamua kubaki, tumia nafasi uliyo nayo. Pakua taarifa za mwaka za kampuni yake kutoka hifadhi ya SEC iitwayo EDGAR, ambayo ni bure: zile za awali na zile zilizorekebishwa. Ziweke kando kwa kando. Tazama mtiririko wa fedha taslimu dhidi ya faida iliyotangazwa, wadaiwa wanavyokua dhidi ya mauzo, na gharama zilizohamishwa kuwa mali. WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, ilifanya hilo la mwisho kwa ada ilizolipa kampuni nyingine za simu, na tangazo la kwanza la Juni 2002 lilikuwa la dola bilioni 3.8. Ukishaona mstari uliobadilika, mpelekee mwalimu wako mstari huo na umwombe akueleze ni nani katika idara ya fedha angeweza kuuona, na katika robo gani.